Mwulize Mwalimu: Timu ya kiwanda ikifa, mpira unabaki kwa nani?

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba mwaka 2025 nilikaa kwa binti yangu, muuguzi, katika mji wa Pawtucket, jimbo la Rhode Island, na kwamba nilienda uwanjani kila timu ya huko ilipocheza nyumbani. Mistari hiyo miwili imeniletea barua nyingi kuliko makala yote ya mwaka huu. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa, na wengine mnivumilie.

Mwalimu, salamu kutoka Mumias. Mimi ni mkulima wa miwa, miaka 52. Zamani siku ya mechi ya timu ya kampuni ya sukari hatukubaki nyumbani. Kampuni ilipoyumba, timu ikaenda nayo. Leo vijana wetu wanajazana kwenye vibanda vya video kutazama Arsenal, na kiwanja chetu kinalishiwa ng'ombe. Wewe umekaa kwenye jimbo dogo kuliko yote Marekani. Wao wana timu? Na kampuni zao zikianguka, timu huwa vipi?

Ndugu yangu, barua yako niliisoma nikaiweka chini, kisha nikaisoma tena jioni, kwa maana mimi ni mtoto wa timu ya kiwanda. Baba yangu alikuwa fundi wa mashine za kusokota uzi katika kiwanda cha nguo hapa Kisumu. Siku ya kazi alivaa chochote mama alichomwekea. Siku ya mechi alipiga pasi shati lake jeupe mwenyewe, akanishika mkono, tukatembea hadi uwanjani, na njiani alinitajia wachezaji kwa idara zao: huyu yuko stoo, huyu rangi, yule winga ni karani wa mishahara. Nilijua kikosi kabla sijajua jedwali la kuzidisha. Kiwanda kilipofungwa timu ilikufa, na baba hakukanyaga tena uwanjani mpaka alipofariki. Kwa hiyo unachokisema nakijua.

Sasa nikujibu. Rhode Island nzima, ukihesabu na maji ya ghuba yake, ni kama kilomita za mraba 3,100. Kaunti yako ya Kakamega inakaribia hapo hapo. Watu wao walihesabiwa 1,097,379 mwaka 2020. Nyinyi mlihesabiwa zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2019. Kwa hiyo kwa watu mmewazidi mbali.

Pawtucket ni mji wa pamba. Kando ya maporomoko ya mto Blackstone pamesimama kinu cha Slater cha mwaka 1793, na ni katika mji huu Wamarekani walianza kusokota pamba kwa mashine zinazoendeshwa na nguvu za maji. Baadaye ikaja kampuni ya uzi ya J&P Coats, yenye asili ya Paisley, Scotland, na wafanyakazi wengi walitoka Scotland na kaskazini mwa Uingereza. Watu hao walibeba mpira kama watu wetu walivyoubeba walipohamia mijini kutafuta kazi. Kampuni ikawa na timu, jina lake J&P Coats, na ligi ya kulipwa ilipoanzishwa mwaka 1921 timu hiyo ikaingia. Msimu wa 1922–23 ikatwaa ubingwa. Timu ya kiwanda cha uzi, katika jimbo dogo kuliko yote, ikazipiku timu za miji mikubwa! Niliposoma hayo niliwaza SoNy ya Awendo mwaka 2006, wakulima na wafanyakazi wa sukari wakichukua kombe la ligi ya Kenya.

Halafu yakawa yale yale. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 jina la kampuni liliondoka kwenye jezi, timu ikaitwa Pawtucket Rangers, na miaka ya mdororo mkuu wa uchumi ikaimaliza ligi yenyewe. Jengo kuu la uzi nalo liliungua mwaka 2020. Binti yangu alinipitisha hapo kwa gari, nikamwomba asimame. Matofali mekundu tu. Nilimkumbuka baba, nikashindwa kusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Lakini mpira haukufa, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Kwa miaka zaidi ya 80 mji ule haukuwa na timu kubwa ya soka, na bado watoto walicheza. Waliouweka hai ni Wareno na watu wa Cape Verde waliohamia huko, kwa vilabu vidogo vya mitaa na ligi za Jumapili, na baadaye watu wa Kolombia na Guatemala walio wengi katika mji jirani wa Central Falls, mji usiofika kilomita za mraba 4 lakini wenye watu zaidi ya 22,000. Wazazi wenyewe huchora mistari kwa chokaa, mzazi mmoja hupuliza firimbi, mwingine hukata machungwa. Nilishuhudia.

Ndiyo maana Rhode Island FC ilipoanza mwaka 2024 katika ligi ya daraja la pili ya Marekani, ilikuta watu tayari wapo. Haikuwa hata na uwanja wake. Msimu wa kwanza ilicheza kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Bryant, mjini Smithfield, chini ya kocha Khano Smith, mzaliwa wa Bermuda, na ikafika fainali ya ligi mwaka huo huo. Ilifungwa 3–0 na Colorado Springs, lakini fainali ni fainali. Tarehe 3 Mei 2025 ikafungua uwanja mpya hapo Pawtucket, kando ya mto, wa watu 10,500. Nilikaa nyuma ya goli. Mwezi wa Juni, saa mbili usiku jua lilikuwa bado halijazama, jambo ambalo sisi wa Ikweta hatulizoei, na mbele yangu kulikuwa na familia ya Cape Verde, babu mpaka kitukuu, wakiimba kwa lugha yao.

Sitakuficha kitu: timu ile ni ya wawekezaji, na fedha za umma zilizoingia kwenye uwanja zilizua mabishano makali jimboni. Mwekezaji naye anaweza kuhama. Watu wa Pawtucket wanalijua hilo kwa uchungu, kwa sababu timu yao ya besiboli iliyodumu pale nusu karne iliondoka baada ya mwaka 2020 ikaenda Worcester, jimbo la jirani. Kwa hiyo sikuambii mtafute tajiri.

Nakuambia mwangalie Shabana. Ilianza mwaka 1980 na jina la duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Iliposhuka daraja mwaka 2006 wengi walidhani imekwisha. Miaka 17 ilicheza madaraja ya chini, na watu wake wakaendelea kuifuata kwenye viwanja vya vumbi, mpaka ikarudi ligi kuu mwaka 2023. Jina la duka lilibaki kwenye timu, lakini timu yenyewe ilikuwa imeshakuwa ya Wakisii.

Mumias mfanye hivi. Iteni mkutano wa watu 30 walioipenda ile timu ya kampuni. Andikeni katiba, mkasajili klabu kwa Msajili wa Michezo kama Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inavyotaka. Muiendeshe kama chama cha akina mama: kila mwanachama na mchango wake wa mwezi, kitabu kimoja, na hesabu isomwe mbele ya watu wote. Anzeni na ligi ya kaunti ndogo. Na wewe binafsi, kabla ya mkutano, nenda kamwone mwenye wale ng'ombe.

Mwalimu, mimi ni mama kutoka Njoro. Kijana wangu ana miaka 19, ni kipa hodari. Mtu amempigia simu, anajiita ajenti, anasema klabu moja ya jimbo hilo ulilokwenda inamwita kwa majaribio. Anataka shilingi 180,000 za barua ya mwaliko, zitumwe kwa simu kabla ya Ijumaa. Nina ng'ombe wawili wa maziwa. Niuze?

Usiuze, dada yangu. Hata mmoja usiuze. Barua yako ilipofika nilikupigia simu siku ile ile, lakini naandika hapa kwa ajili ya mama mwingine ambaye hajaniandikia.

Nilikuwa na mwanafunzi, kiungo wa kushoto, mtoto mpole. Baba yake aliuza kipande cha shamba kwa ahadi kama hiyo. Ajenti alizima simu, mtoto akaacha mpira kabisa kwa aibu ya kumwangalia baba yake usoni. Sijalisahau jambo hilo, na kila nikisikia neno "mwaliko" pamoja na neno "Ijumaa" moyo wangu unapiga.

Mambo huenda hivi. Klabu ya kulipwa ikimtaka mchezaji wa nje, klabu yenyewe ndiyo inayomwombea kibali kwa serikali ya Marekani, na haimtozi mchezaji ada ya kuitwa. Tena klabu haimchukui kipa ambaye haijamwona akicheza. Njia ambayo kijana wa Njoro anaweza kuifikia ni ya chuo. Rhode Island, pamoja na udogo wake, ina vyuo vinne vinavyocheza daraja la kwanza la michezo ya vyuo: Brown, Providence, Chuo Kikuu cha Rhode Island, na Bryant. Msimu wao huanza Agosti na huisha Desemba. Chini yao vipo vyuo vya daraja la tatu, kama Roger Williams na Salve Regina.

Sasa shika hili. Vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo. Brown pia hautoi, kwa sababu vyuo vya kundi lake vilikubaliana hivyo, ila husaidia mwanafunzi kulingana na hali ya nyumbani kwao. Kwa hiyo mtu akikuambia ana "nafasi ya mpira iliyolipiwa yote" katika vyuo hivyo, anadanganya, na huna haja ya kumsikiliza sentensi ya pili.

Kijana atafute matokeo yake ya KCSE kwanza, maana kocha wa chuo huuliza alama kabla ya mabao. Arekodiwe mechi nzima mbili, si vipande vya kuokoa mikwaju tu. Kocha wa makipa anataka kuona anavyosimama mpira ukiwa mbali. Aandike mwenyewe kwa makocha, anwani zao zipo kwenye kurasa za vyuo. Chuo kikimkubali humpa fomu iitwayo I-20, naye huenda nayo ubalozini Nairobi kuomba viza ya mwanafunzi. Ada zipo, lakini hulipwa kwa utaratibu rasmi wenye risiti, si kwa namba ya simu ya mtu. Wakati huo huo Egerton iko hapo hapo Njoro. Apeleke glavu zake kwa kocha wa chuo hicho amwone. Maziwa ya ng'ombe wako yatatosha nauli.

Mimi ni nahodha wa timu ya kata huko Nyamira. Wachezaji saba wa kikosi cha kwanza ni Wasabato, na ligi imetupangia mechi nne za Jumamosi. Tukikosa tunapoteza pointi. Wenye ligi wanasema dini tuiache nyumbani.

Nahodha, dini haiachwi nyumbani kama mwavuli. Nikupe kisa cha mpakani.

Miaka ya 1920 kulikuwa na timu yenye nguvu iitwayo Fall River Marksmen. Fall River ni mji wa Massachusetts, umepakana na Rhode Island. Massachusetts ilikuwa na sheria za kuheshimu Jumapili zilizokataza mechi za kulipwa siku hiyo, na Jumapili ndiyo siku wafanyakazi wa viwandani walikuwa na nafasi. Mwenye timu, Sam Mark, akajenga uwanja hatua chache ng'ambo ya mpaka, Tiverton, Rhode Island. Watu wakavuka mpaka kwa miguu, wakatazama mpira, wakarudi nyumbani. Kwenye uwanja huo alicheza Billy Gonsalves, mzaliwa wa Portsmouth, Rhode Island, mwaka 1908, mtoto wa wahamiaji Wareno, aliyeichezea Marekani Kombe la Dunia la 1930 ilipofika nusu fainali, na tena la 1934.

Kilichonipendeza ni kwamba hawakubishana na waumini. Walitafuta siku na mahali panapowafaa watu wao. Nawe uwaandikie wenye ligi, barua yenye sahihi za makapteni wote na si yako peke yako, mkiomba mechi zenu zichezwe Jumapili alasiri, baada ya wale wa makanisa mengine kutoka ibadani, au siku ya kazi saa kumi jioni. Taja tarehe nne na viwanja vinne mtakavyocheza. Mwenye ligi hukataa ombi lisilo na tarehe. Wakikataa na hilo, niandikie, nitapanda matatu nije mwenyewe.

Mwalimu, niko Kondele. Ni kweli kwamba ligi za Marekani hazina kushuka daraja? Huo ni mpira gani?

Mwanangu, mpaka sasa ni kweli. Timu hununua nafasi yake kwenye ligi, na hata ikishika mkia msimu ujao ipo. Wamarekani wameuzoea utaratibu huo kutoka michezo yao mingine. Ila ligi wanayochezea Rhode Island ilipiga kura Machi 2025 kuukubali mfumo wa kupanda na kushuka. Mimi naunga mkono kwa moyo wote. Mwezi wa mwisho wa ligi bila hofu ya kushuka ni kama mchuzi usio na chumvi.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, Vihiga, nacheza beki. Huko wasichana wana timu?

Wanazo, binti yangu, na nyingi. Rhode Island FC ni ya wanaume, lakini ukienda kiwanja chochote cha shule mwezi wa Septemba utakuta wasichana wanacheza kabla ya wavulana au baada yao, na jezi zao wenyewe. Mwaka 1972 Marekani ilitunga sheria iitwayo Title IX inayozuia shule na chuo kinachopokea fedha za serikali kuwabagua wasichana, na michezo imo. Vyuo vyote vinne nilivyovitaja hapo juu vina timu za wanawake. Ubaya wao uko kwingine: klabu za watoto zenye ushindani mkali huwatoza wazazi maelfu ya dola kwa mwaka, na mtoto wa maskini hubaki nje. Wewe hujalipa chochote kucheza, na unaishi kaunti iliyowatoa Vihiga Queens, ambao mwaka 2021 walikwenda Misri kucheza Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika ilipochezwa mara ya kwanza kabisa. Nenda ukaone mazoezi yao wakati wa likizo. Beki hujifunza kwa kutazama miguu ya beki mwingine.

Mwalimu, mimi ni mzee wa Bondeni, Nakuru. Nilikuwa mtoto Nakuru All Stars walipochukua ligi mwaka 1969. Mjukuu wangu ananiambia huko ulikokuwa ilichezwa mechi ya usiku kucha mpaka alfajiri. Nimemwambia hakuna refa wa namna hiyo. Nani ana haki?

Mzee wangu, shikamoo. Kwanza umenifurahisha, maana walioziona All Stars za enzi hizo wamebaki wachache, na naomba mjukuu akae nawe aandike majina unayoyakumbuka kabla hayajapotea. Pili, mjukuu ana haki.

Ilikuwa besiboli, si soka. Mchezo huo kwa kawaida una raundi tisa, na timu zikitoka sare huendelea mpaka mmoja ashinde. Usiku wa tarehe 18 Aprili 1981, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, timu ya Pawtucket iliikaribisha Rochester kwenye uwanja wa McCoy. Raundi tisa zikaisha sare. Ikaja ya kumi, ya ishirini. Kwa kawaida ligi ile ilikuwa na kanuni ya kusimamisha mchezo usiku ukizidi, lakini nakala ya kanuni waliyokuwa nayo waamuzi mwaka huo haikuwa na kifungu hicho, na bila kifungu wakaendelea. Baridi ilikuwa kali hata wachezaji wakawasha moto kwa fimbo za kupigia zilizovunjika. Rais wa ligi alipopatikana kwa simu akaamuru wasimame mwisho wa raundi ya 32, ilipokuwa imepita saa kumi usiku, matokeo 2–2. Watazamaji waliobaki kwenye viti walikuwa 19.

Nilikwenda kuutazama uwanja huo. Ulikuwa unabomolewa, pajengwe shule ya sekondari.

Mechi ilimaliziwa tarehe 23 Juni mwaka ule ule. Safari hii watu walifurika, zaidi ya 5,000, kuja kuona mwisho wake. Walicheza raundi moja, ya 33, Pawtucket wakashinda 3–2. Ilichukua dakika 18.